Lango la Darasa la Tatu: Kisa cha Mississippi na Sera ya Kukaririsha Darasa

Mwaka 2013 wanafunzi wa darasa la nne katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, walipata wastani wa alama 209 katika upimaji wa kitaifa wa kusoma unaojulikana kama NAEP, wakati wastani wa shule za umma za nchi nzima ulikuwa 221. Mwaka 2024 jimbo hilohilo, ambalo kwa vipimo vingi bado ndilo maskini kuliko yote nchini humo, lilipata 219 na wastani wa nchi ulikuwa umeshuka hadi 214. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na sheria iliyosema kwamba mtoto anayemaliza darasa la tatu bila kujua kusoma kwa kiwango kilichowekwa hatapanda kwenda la nne, na ndiyo maana kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni ushindi wa kukaririsha watoto darasa. Nimekifuatilia kwa sababu nchi zetu nazo zinabishana juu ya jambo hilo, na hoja yangu ni kwamba usimulizi huo umeshika sehemu ndogo ya sheria na kuacha kubwa. Sheria ya Mississippi iliweka mlolongo wa wajibu wa watu wazima kuanzia darasa la awali, na mtihani wa mtoto ukawa kiungo cha mwisho. Anayechukua kiungo hicho cha mwisho peke yake anachukua adhabu na kuuacha msaada.

Msingi uliwekwa muda mrefu kabla ya sheria. Mwaka 2000 Jim Barksdale, aliyewahi kuongoza kampuni ya Netscape, na mkewe Sally walitoa dola milioni 100 kuanzisha taasisi ya kuendeleza usomaji katika jimbo lao la nyumbani. Kwa zaidi ya miaka kumi kazi hiyo ilizalisha walimu na wakufunzi waliojua namna mtoto anavyojifunza kusoma: kwamba lazima kwanza asikie sauti zilizomo ndani ya neno, kisha azihusishe sauti hizo na herufi kwa mpangilio unaofundishwa wazi, kisha asome kwa wepesi, huku msamiati na ufahamu vikijengwa sambamba. Kwa Kiingereza hatua hizo ni ngumu kuliko kwa Kiswahili, kwa kuwa herufi ileile hubeba sauti tofauti kutoka neno hadi neno, na mtoto aliyeachwa akisie maneno kwa kutazama picha anaweza kufika darasa la tatu akionekana anasoma ilhali amekariri vitabu vichache.

Sheria yenyewe, iliyotokana na mswada namba 2347 wa Seneti ya jimbo, ilitiwa saini na Gavana Phil Bryant mwezi Aprili 2013. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria nyingine ya kuanzisha madarasa ya awali yanayogharimiwa na jimbo, na Carey Wright akaanza kazi ya kuiongoza idara ya elimu, nafasi aliyoishikilia hadi 2022. Kymyona Burk akapewa jukumu la kusimamia programu ya kusoma. Nawataja kwa sababu sera hii haikutekelezwa kwa waraka. Ilikuwa na wasimamizi waliokaa miaka, wakiwa na ratiba ileile na lengo lilelile.

Inafaa kuitazama sheria kwa karibu, maana hapa ndipo pana utajiri wa kisa chenyewe. Mtoto anapoingia darasa la awali anapimwa kusoma, na kuanzia hapo hadi darasa la tatu anapimwa mara tatu kila mwaka kwa jaribio fupi ambalo halimpandishi wala halimshushi, ila linaonyesha mahali alipokwama. Akionekana ana upungufu, shule inapaswa kumwandikia mzazi barua mara moja. Barua hiyo si ya kusema tu kwamba mwanao yuko nyuma. Sheria inataka ieleze upungufu wenyewe ni upi, huduma gani mtoto anapata sasa, huduma gani za ziada atapewa, mzazi afanye nini nyumbani, na mwishowe imwambie mzazi kwa maneno ya wazi kwamba upungufu huo usipoondolewa kabla ya mwisho wa darasa la tatu, mtoto hatapandishwa. Baadaye kikaongezwa pia mpango binafsi wa kusoma kwa kila mtoto wa namna hiyo. Kwa utaratibu huo, mzazi wa mtoto aliyezuiwa darasa la tatu anatakiwa awe amekwisha kuandikiwa tangu mtoto akiwa na miaka mitano au sita, na anayo haki ya kuiuliza shule ilifanya nini kwa miaka yote hiyo.

Kwa walimu, jimbo liliwapitisha maelfu katika mafunzo marefu ya LETRS, ambayo humchukua mwalimu aliye kazini takriban miaka miwili na kumfundisha muundo wa sauti za lugha, tahajia, msamiati na ufahamu. Wakufunzi wa kusoma waliajiriwa na jimbo, si na shule, wakapelekwa kwanza kwenye shule zilizokuwa na matokeo mabaya zaidi. Kazi ya mkufunzi ilikuwa kukaa darasani, kutazama somo, kufundisha mbele ya mwalimu ili aone, kisha kumtazama mwalimu akirudia na kuzungumza naye baada ya kipindi. Mkufunzi hakuwa mkaguzi wa kumpa mwalimu alama. Kwa maoni yangu hapo pana tofauti kubwa, kwa sababu mwalimu anayeogopa kuandikiwa ripoti huonyesha somo alilolifanyia mazoezi, wala haonyeshi lile linalomshinda.

Mwishoni ndipo linapokuja lango lenyewe. Mwanafunzi wa darasa la tatu hufanya mtihani wa jimbo wa kusoma, na akishindwa hupewa nafasi mbili zaidi. Akishindwa zote, anabaki darasa la tatu, isipokuwa awe katika kundi lililosamehewa: mtoto mwenye ulemavu anayetimiza masharti yaliyowekwa, mtoto aliyefundishwa Kiingereza kwa muda usiofika miaka miwili, aliyeonyesha uwezo wake kwa jaribio jingine linalokubalika, au aliyekwisha kukaririshwa miaka miwili katika madarasa ya chini na kupewa msaada mzito. Naye anayebaki hapaswi kurudia mwaka uleule kwa namna ileile. Sheria inaagiza apate angalau dakika 90 za mafundisho ya kusoma kila siku, ndani ya saa za kawaida za shule, kutoka kwa mwalimu mwenye rekodi nzuri, na mzazi apewe mpango wa kusoma nyumbani.

Lango lilianza kufanya kazi mwaka 2015. Kiwango cha kuvuka kilikuwa cha chini mwanzoni: ilitosha mtoto asiwe katika ngazi ya mwisho kabisa. Marekebisho ya mwaka 2016 yakakipandisha, na kuanzia mwaka wa masomo 2018/2019 mtoto alitakiwa kuvuka ngazi mbili za chini. Mwaka huo takriban robo ya wanafunzi walishindwa katika jaribio la kwanza, na baada ya marudio na misamaha, karibu mwanafunzi 1 kati ya 10, yaani watoto zaidi ya 3,000, walibaki darasa la tatu.

Sasa tuje kwenye matokeo, ambayo lazima yasomwe kwa tarehe. Wastani wa darasa la nne katika NAEP ulikuwa 209 mwaka 2013, ukapanda hadi 214 mwaka 2015, 215 mwaka 2017, na 219 mwaka 2019. Asilimia ya waliofikia ngazi ya umahiri, ambayo katika NAEP ni kiwango cha juu kuliko kile cha kawaida cha darasa, ilitoka 21 hadi 32, na wale walio chini ya ngazi ya msingi walipungua kutoka asilimia 47 hadi 35. Wakosoaji husema kwamba ukiwazuia darasa la tatu watoto dhaifu, ni lazima wastani wa darasa la nne upande hata kama hakuna aliyejifunza zaidi, na kwamba wanapofika la nne mwaka unaofuata wanakuwa wakubwa kwa mwaka mmoja kuliko wenzao. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na yeyote anayenukuu takwimu za Mississippi bila kuitaja hamtendei haki msomaji.

Hata hivyo, tazama mwaka 2015. Mtihani wa NAEP hufanywa miezi ya mwanzo ya mwaka. Wanafunzi wa darasa la nne waliopimwa mapema 2015 walikuwa wamemaliza darasa la tatu mwaka 2014, kabla lango halijamzuia mtoto hata mmoja. Alama tano za mwanzo, ambazo ni nusu ya ongezeko lote la kufikia 2019, zilipatikana pasipo mtoto yeyote kuzuiwa na sheria hii. Kulikuwa tayari na upimaji wa mara kwa mara, barua kwa wazazi, mafunzo ya walimu na wakufunzi katika shule dhaifu, pamoja na ujuzi kwamba lango linakuja. Na kuna ushahidi wa pili wa aina hiyo: hisabati ya darasa la nne nayo ilipanda kutoka 231 mwaka 2013 hadi 241 mwaka 2019, ingawa hakuna mtoto anayezuiwa kwa sababu ya hisabati. Kuchuja wanafunzi kunaweza kuwa kumechangia kiasi fulani, lakini hakuwezi kubeba kisa chote.

Je, waliokaririshwa wenyewe walipata faida au hasara? Kirsten Slungaard Mumma na Marcus Winters wa Chuo Kikuu cha Boston walichunguza kundi la kwanza, lile la 2015, kwa kuwalinganisha watoto waliokuwa kando ya mstari: yule aliyekosa kwa alama chache na yule aliyevuka kwa alama chache. Watoto hao wawili hawatofautiani sana kwa uwezo, kwa hiyo tofauti itakayoonekana baadaye inaweza kuhusishwa na kukaririshwa kwenyewe. Ripoti yao ya 2023 ilionyesha kwamba waliobaki walifanya vizuri zaidi katika somo la lugha walipofika darasa la sita, hasa watoto weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na hakukuonekana ongezeko la utoro wala la kupelekwa kwenye elimu maalumu. Ni matokeo mazuri, nami nayakubali. Lakini yanawahusu waliokuwa karibu na mstari, waliopata dakika 90 kwa siku na mwalimu bora, na ulinganisho umefanywa katika darasa lilelile, hivyo aliyekaririshwa amepimwa akiwa na mwaka mmoja zaidi wa shule na wa umri. Hayatuambii litakalompata mtoto anayerudishwa darasani bila hayo.

Utafiti mwingine unanilazimisha kuwa mwangalifu na hoja yangu mwenyewe. Mwaka 2023 John Westall na Amy Cummings wa Chuo Kikuu cha Michigan State walilinganisha majimbo mengi yaliyopitisha sera za kusoma kwa madarasa ya chini, wakaona kwamba ongezeko la alama lilitokana zaidi na majimbo ambayo sera zao zina kipengele cha kukaririsha. Mtu anaweza kusema basi lango ndilo dawa. Mimi nalisoma hivi: majimbo yaliyothubutu kuweka lango kwa kawaida ndiyo yaliyoweka pia kifurushi kizima, na lango liliwapa walimu wakuu na wabunge tarehe ambayo hawakuweza kuikwepa. Hakuna mwalimu mkuu anayependa kumwita mzazi mwezi Mei na kumwambia kwamba mwanawe hapandi, na mzazi akamtolea barua tatu za miaka iliyopita ambazo hazikufuatiwa na msaada wowote. Nguvu ya lango imo katika kuwasukuma watu wazima, na bila kuwa na la kuwasukumia, nguvu hiyo humwangukia mtoto.

Umri nao una uzito wake. Florida, ambayo sheria yake ya 2002 ndiyo Mississippi iliyoiga, iliona faida ya awali ikififia kadiri miaka ilivyopita, na waliokaririshwa darasa la tatu hawakupungukiwa wala kuzidi katika kumaliza sekondari. Huko Louisiana, kukaririsha wanafunzi wa darasa la nane kuliongeza idadi ya wanaoacha shule. Kijana wa miaka 14 anayeketi na wadogo zake ana njia ya kutoka ambayo mtoto wa miaka minane hana. Kwa upande wake Michigan ilipitisha sheria ya kukaririsha mwaka 2016, kisha ikakifuta kipengele hicho mwaka 2023 na kubakiza msaada wa kusoma.

Doa kubwa katika kisa cha Mississippi liko darasa la nane. Wastani wa kusoma wa darasa hilo ulikuwa 253 mwaka 2013 na ulikuwa 253 tena mwaka 2024, chini ya wastani wa nchi. Watoto waliopimwa darasa la nane mwaka 2024 walipita madarasa yote ya chini wakiwa ndani ya mfumo mpya. Sehemu ya lawama inaweza kuwekwa kwenye miaka ya korona, ambapo nchi nzima ilishuka, lakini haitoshi. Kujua kuunganisha sauti na herufi kunamwezesha mtoto kulitamka neno, ila kuelewa maandishi ya darasa la nane juu ya historia au sayansi kunahitaji msamiati na maarifa yanayojengwa kwa miaka mingi baada ya lango. Wakufunzi walikuwa madarasa ya chini. Baada ya darasa la tatu mtoto hakufuatwa na mtu kwa namna ileile.

Kuna watoto wanaozungumza Kiswahili ambao sheria za aina hii zinawagusa moja kwa moja. Familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo zimepewa makazi katika majimbo mbalimbali ya Marekani, Tennessee likiwemo, na Tennessee ilianza kuwazuia wanafunzi wa darasa la tatu katika mwaka wa masomo 2022/2023. Huko pia mtoto aliyefundishwa Kiingereza kwa muda usiofika miaka miwili husamehewa. Mzazi anayesoma haya na kuhusika ahakikishe kwamba tarehe ambayo mtoto alianza kufundishwa Kiingereza imeandikwa sawasawa shuleni, maana ndiyo inayohesabiwa, na aombe maelezo ya barua za shule kwa lugha anayoielewa, jambo ambalo shule za umma za Marekani zinawajibika kulitimiza.

Kwetu Afrika Mashariki, majirani wawili wamechagua njia zinazopingana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kubakizwa darasa, ingawa desturi hiyo haikukoma mara moja shuleni. Tanzania inao Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, na asiyefikia kiwango hurudia darasa hilo. Kwa mtazamo wa Mississippi, nchi zote mbili zinajadili kiungo cha mwisho cha mlolongo. Kenya ilionyesha, kupitia programu ya Tusome iliyoanza 2015, kwamba kila mtoto akipewa kitabu chake, mwalimu akapewa mwongozo wa somo kwa somo, na maofisa wa mtaala wakatembelea madarasa wakiwa na vishikwambi vya kurekodi usomaji wa watoto, viwango vya kusoma Kiswahili na Kiingereza hupanda bila kumkaririsha mtu. Hiyo ni sehemu ileile ya sera ya Mississippi iliyofanya kazi kabla ya 2015.

Ninachokiona kigumu kukitetea kwa upande wa Tanzania ni darasa lenyewe la kurudia na kinachofanyika ndani yake. Darasa la nne ni kuchelewa, kwa sababu mtoto asiyejua kusoma amekwisha kupitwa na masomo yote yanayosomwa kwa maandishi. Zaidi ya hapo, anayerudia mara nyingi hurudi katika darasa lilelile lililojaa, kwa mwalimu yuleyule na kitabu kilekile, bila dakika moja ya ziada iliyotengwa kwa ajili yake. Upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la pili tayari upo, na unaweza kufanya kazi ambayo Mississippi iliupa ule upimaji wa mara tatu kwa mwaka, endapo matokeo ya kila mtoto yatarudi kwa mwalimu wake na kwa mzazi mapema, yakiwa na maelezo ya alipokwama na kitakachofanyika kuanzia wiki inayofuata.

Hoja ya fedha itatolewa, na ni halali. Mississippi ilitenga takriban dola milioni 15 kwa mwaka kwa programu yake ya kusoma, katika jimbo lenye wanafunzi zaidi ya 400,000. Wakati huohuo ilikuwa inatumia takriban dola 9,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo mwaka wa ziada wa watoto zaidi ya 3,000 waliobaki 2019 utafikia karibu dola milioni 30, mara mbili ya bajeti ya kuwafundisha wasibaki. Kila serikali inayokaririsha watoto inalipa gharama hiyo kwa dawati, kwa mwalimu na kwa chumba, hata kama haina mstari wake katika bajeti. Wizara inayotaka kujua kama sera yake inawasaidia watoto ianze kwa kuihesabu gharama hiyo wilaya kwa wilaya, kisha iulize ni waratibu wangapi wa kusoma, vitabu vingapi na vipindi vingapi vya ziada vya darasa la kwanza na la pili vingepatikana kwa fedha hizohizo.